Kabla ya Vifaranga, Matandiko

Mazungumzo na wajumbe wa vikundi vya kujisaidia, Huruma, Eldoret

Najua wengine mmeacha jembe shambani, na wengine mmefunga kibanda sokoni ili mfike hapa kwa wakati.

Nimeombwa nizungumze juu ya miradi ya kuku. Lakini leo sitazungumza juu ya chakula cha kuku, wala chanjo, wala soko la mayai. Hayo mnayasikia kutoka kwa maafisa wa mifugo, na wao wanayajua kuliko mimi. Nitazungumza juu ya kitu kimoja ambacho vikundi vingi hukikumbuka siku ya mwisho, tena jioni, vifaranga wakiwa tayari wanalia ndani ya boksi. Kitu chenyewe ni hiki: kuku atalala juu ya nini?

Namaanisha matandiko, yaani kile tunachomwaga sakafuni kwenye banda. Wengine hutumia maranda, wengine unga wa mbao, wengine nyasi. Ukiuliza kikundi, "Mlichagua vipi?" utaambiwa, "Tulichukua kilichokuwa karibu." Au, "Tulipewa bure." Sasa hapo ndipo shida huanzia.

Mtaniuliza, wewe ni mfanyakazi wa jamii, matandiko ya kuku yanakuhusu nini? Yananihusu kwa sababu kazi yangu ni vikundi, na nimeona kikundi kikivunjika kwa ajili ya matandiko.

KIKUNDI KILICHOVUNJIKA

Sitataja jina lao wala mahali pao. Walikuwa akina mama waliochanga kidogo kidogo kila wiki. Wakakopa kiasi fulani juu yake, wakajenga banda zuri la mabati na waya, wakanunua vifaranga. Pesa ya matandiko haikuwa kwenye bajeti. Siku moja kabla ya vifaranga kufika, mmoja wao akasema kuna lundo la unga wa mbao limetupwa kando ya mashine ya kupasua mbao, na mwenyewe anasema yeyote abebe. Wakabeba kwa mkokoteni jioni ile ile. Lundo lilikuwa limenyeshewa. Juu lilionekana kavu, ndani lilikuwa limeiva na kuwa jeusi.

Wiki ya nne vifaranga wakaanza kujikunyata na kuhara damu. Baada ya siku chache zaidi ya nusu walikuwa wamekufa.

Kabla daktari wa mifugo hajafika, mkutano ulikuwa umeshakaa. Mweka hazina akaulizwa: vifaranga hawa ulinunua wapi? Mbona walikuwa wa bei hiyo? Baki ya pesa iko wapi? Mama wa watu alikuwa na risiti zote, na hesabu ilikuwa sawa. Lakini maneno yalikuwa yametoka. Mwingine naye akaanza kunong'ona kwamba ni jirani mwenye jicho baya.

Daktari alipofika aliwapasua vifaranga wawili, akatazama matumbo. Halafu akachuchumaa, akachukua konzi ya yale matandiko na kuikamua. Maji yakatoka katikati ya vidole. Akasema, "Hapa ndipo walipougulia."

Mweka hazina alijitoa katika kikundi, na wengine wakamfuata. Mkopo ulilipwa kwa shida. Nawaeleza haya ili mjue kwamba hatuzungumzi juu ya takataka za sakafuni. Tunazungumza juu ya pesa zenu, na juu ya kuaminiana kwenu.

KAZI YA MATANDIKO

Kuku wa mayai 100 hunywa maji lita 20 hadi 25 kwa siku, na zaidi siku ya joto. Maji hayo hayapotei. Kiasi huenda kwenye yai, na mengine hutoka kwa pumzi na kwa kinyesi. Kuku mkubwa mmoja hutoa kinyesi kibichi gramu 100 na zaidi kila siku. Kuku 100 basi ni kilo 10 na zaidi, na sehemu kubwa ya hizo kilo ni maji. Yote huangukia sakafuni. Kama hakuna kitu cha kuyanyonya na kuyaachilia hewani pole pole, banda linakuwa tope.

Matandiko yana kazi nne. Kwanza, yanyonye unyevu na kuuachilia. Pili, yamkinge kuku na ubaridi wa simiti au udongo. Si mnajua Eldoret iko juu, kama mita 2,100 kutoka usawa wa bahari, na usiku wa Julai baridi hushuka hadi karibu nyuzi 10. Kifaranga wa siku moja anataka joto la nyuzi 32 hadi 35. Mnaweza kuweka jiko la makaa juu yake, lakini akikanyaga simiti tupu, joto lake linateremka kupitia miguuni. Tatu, yawe laini, asiumie miguu wala kifua. Nne, yamwezeshe kuchakura. Kuku asiye na kitu cha kuchakura huanza kudonoa wenzake.

Yakiloa, mabaya mawili hutokea. La kwanza ni kuhara damu. Ugonjwa huu huletwa na kijidudu kidogo kisichoonekana kwa macho. Mayai ya kijidudu hiki hutoka kwa kinyesi, lakini yakitoka bado hayajaiva, hayawezi kuambukiza. Yanahitaji unyevu, joto na hewa, kama siku moja au mbili hivi, ndipo yaive. Kuku akiyadonoa yakiwa yameiva, anaugua. Kwa hivyo matandiko yakiwa makavu, mengi hayaivi. Yakiwa mabichi, mnayalea wenyewe. Mnaweza kununua dawa ya amproliamu kwenye duka la dawa za mifugo, na itasaidia. Lakini msipokausha sakafu, ugonjwa utarudi na pesa zitatoka tena.

La pili ni amonia, ile harufu kali inayochoma macho. Hutokana na kinyesi kinachooza kwenye unyevu. Huunguza macho na mapafu ya kuku, na mapafu yakishaharibika magonjwa mengine huingia kwa urahisi. Mfugaji husimama mlangoni na kusema, "Hakuna harufu." Mama, kuku hasimami urefu wako! Chuchumaa, weka pua yako mahali kuku anapopumulia, kaa hapo dakika moja. Macho yakikutoka machozi, ujue kuku amekaa humo usiku kucha.

MASWALI MANNE KABLA YA KUBEBA GUNIA

Swali la kwanza: IMETOKA WAPI? Hili naliweka mbele kwa sababu ya mahali tunapoishi. Uasin Gishu ni nchi ya mikalitusi na ya mbao. Kuna maseremala wa jua kali, kuna mashine za kupasua mbao, na kuna viwanda vinavyotia dawa nguzo za umeme na za ua. Dawa moja inayotumika sana kwenye nguzo ina shaba, kromi na aseniki. Aseniki ni sumu. Ndiyo inayofanya mchwa asile ile nguzo. Mbao iliyotiwa dawa hiyo huwa na rangi ya kijani kibichi, lakini ikikaa juani miaka rangi hufifia na kuwa kijivu. Kwa hivyo msitegemee macho peke yake. Ulizeni.

Unga au vipande vya mbao iliyotiwa dawa visiingie bandani hata mara moja. Kuku huchakura na kudonoa. Sumu huingia mwilini mwake, na inaweza kufika kwenye yai atakalopewa mtoto. Halafu mkimaliza mtapeleka samadi kwenye sukuma wiki. Aseniki haiozi kama majani, inabaki kwenye udongo wenu. Marekani mbao za namna hiyo ziliondolewa katika matumizi ya nyumbani mwishoni mwa 2003. Na mkishajua ni za dawa msiseme, "Basi tuchome kwa jiko." Moshi na majivu yake pia vina sumu.

Ganda na vipande vinavyotoka kwenye nguzo KABLA ya kutiwa dawa havina shida hiyo. Tofauti ni kabla na baada, kwa hivyo swali lenu kwa mwenye kiwanda au fundi liwe wazi: "Mbao hii imepitia dawa au bado?" Ulizeni hata kwa mbao za paa, kwa maana nyingine hupakwa dawa ya mchwa kabla ya kukatwa. Fundi akisema hajui, shukuruni na mwende kwingine.

Swali la pili: IMEKAUKA? Unga unaotoka kwenye mashine inayopasua magogo mabichi huwa na maji mengi, hata kama haujanyeshewa. Ingizeni mkono mpaka katikati ya lundo. Kukiwa na joto, weusi, au harufu ya uyoga, kuvu imeshaingia. Kuvu hiyo huingia mapafuni mwa vifaranga. Utaona wametanua midomo wakitafuta hewa, bila kukoroma sana, na dawa ya kuwaponya kwa kweli hakuna. Hata nyinyi mnaomwaga matandiko hayo mnavuta vumbi lile lile. Kitu chenye kuvu hakifai hata kikikaushwa, kwa sababu mbegu za kuvu zinabaki.

Swali la tatu: INANYONYA? Chukueni konzi, mwageni maji kidogo juu yake. Yakiingia ndani, vizuri. Yakiteleza na kwenda sakafuni, hiyo haifai peke yake.

Swali la nne: ITAISHIA WAPI? Matandiko ya leo ni samadi ya kesho. Kitu chenye vipande vya plastiki, misumari, rangi ya kupakwa au gundi nyingi hakifai kuingia shambani, basi kisiingie bandani pia.

VITU TULIVYO NAVYO HAPA KWETU

Kila nchi hutumia kilicho chake. Jirani zetu wa Uganda hutumia sana maganda ya kahawa. Tanzania wana maranda na pumba za mpunga. Sisi tuangalie vya kwetu.

MARANDA. Hivi ni vile vipande vyembamba vilivyojikunja vinavyotoka kwenye randa ya seremala. Kwangu hivi ni vya kwanza. Vinanyonya, ni vyepesi, havina vumbi jingi, na mara nyingi vimetoka kwa mbao iliyokwisha kauka. Saiprasi na msonobari ni sawa. Mbao yenye harufu kali kama mwerezi iepukeni kwa vifaranga, maana mafuta yake na vumbi lake husumbua pumzi.

UNGA WA MBAO. Huu unatoka kwenye msumeno. Ukiwa mkavu na wa chengachenga, unafaa kwa kuku wakubwa. Ukiwa laini kama unga wa ugali, una mabaya mawili: vumbi, na vifaranga wadogo huula wakidhani ni chakula, ukajaza tumbo na kuziba. Kama ndio mlio nao, changanyeni nusu kwa nusu na maranda. Siku tatu hadi tano za kwanza mfunike kwa karatasi ya kaki yenye kukwaruza au magunia safi. Msitumie gazeti laini peke yake, kwa sababu kifaranga huteleza na miguu ikafunguka pande mbili, asisimame tena.

NYASI YA NGANO. Ninyi mliotoka Moiben na Ziwa mna utajiri huu baada ya mavuno. Lakini nyasi ndefu hainyonyi vizuri. Hushikana na kuwa kama mkeka, juu kavu na chini tope. Ikateni vipande vya sentimita 3 hadi 5 kwa panga au mashine ya kukatia majani. Ikishakatwa na kuchanganywa na maranda, ni nzuri sana. Iliyolala shambani ikanyeshewa msiichukue.

MAGUNZI YA MAHINDI. Yakisagwa chengachenga kwenye posho mill hunyonya sana. Lakini lazima yawe yamekauka kabisa, kwa sababu kuvu ya mahindi tunaijua. Mwaka 2004, huko Makueni, Kitui na wilaya za jirani, sumu ya aflatoksini iliyotoka kwenye mahindi yenye kuvu iliua watu 125. Kuku naye huumia kwa sumu hiyo hiyo, na vifaranga hudonoa magunzi. Gunzi lenye madoa ya kijani au meusi, mweke kando kabisa.

MAGANDA YA MPUNGA kutoka pande za Ahero. Ni makavu na hayashikani, ila hayanyonyi sana na usafiri hadi hapa unakula faida. Mkipata kwa bei nzuri, changanyeni na maranda.

MCHANGA. Hapa kwetu hapana. Unafaa pwani kwenye joto. Huku juu ni baridi, na ukiloa haukauki.

MAJIVU. Wengi hupenda kuyamwaga sakafuni kuzuia viroboto na utitiri. Nia ni njema, lakini majivu yakichanganyika na kinyesi kibichi huifanya amonia itoke kwa wingi zaidi. Wekeni majivu makavu na mchanga kidogo kwenye karai au boksi pembeni, kuku waogee humo. Sakafuni msiyamwage.

KIASI GANI, NA LINI

Tupige hesabu pamoja, na makatibu waandike. Banda la mita 4 kwa 5 lina mita za mraba 20, na linatosha kuku wa mayai 80 hadi 100. Matandiko yawe na kina cha sentimita 10, kama upana wa kiganja. Mita 20 za mraba mara sentimita 10 ni mita 2 za ujazo. Gunia lile la mahindi la kilo 90 hubeba maranda kiasi cha sehemu moja ya nane ya mita ya ujazo. Kwa hivyo ni magunia 16. Ongezeni 4 ya kujazia baadaye. Jumla 20. Zidisheni kwa bei ya gunia na usafiri, na hiyo pesa iandikwe kwenye bajeti kabla ya kuagiza kifaranga hata mmoja.

Wakati mzuri wa kukusanya ni Desemba hadi Februari. Jua lipo, ngano na mahindi yameshavunwa. Mkingoja mpaka Mei au Julai, mvua inanyesha kila alasiri na kila lundo mtakalolikuta ni bichi. Wekeni magunia juu ya mbao au mawe, chini ya paa, mbali na panya na paka. Kama kitu kina unyevu kidogo lakini hakina kuvu, kianikeni kwenye turubai siku mbili tatu za jua, mkikigeuza.

KUYATUNZA

Matandiko mazuri yakiachwa huharibika kwa wiki moja. Kuyatunza si kazi kubwa, ni kazi ya kila siku.

Asubuhi geuza kwa reki au jembe uma. Penye ubichi kuzunguka vyombo vya maji, zoa utoe nje, weka makavu. Inua vyombo vya maji kwa matofali mpaka vilingane na mgongo wa kuku, ili asimwage. Angalia paa. Tundu la msumari linatosha kuharibu nusu ya banda, na wahenga walisema usipoziba ufa utajenga ukuta.

Hewa pia. Mwezi wa Julai watu huziba waya wote kwa magunia kwa sababu ya baridi. Hapo unyevu hauna pa kutokea, na asubuhi mabati yanadondosha maji. Zibeni upande upepo unakotoka, na sehemu ya chini. Huku juu karibu na paa acheni wazi. Kuku mkubwa mwenye manyoya, akiwa pakavu, anavumilia baridi yetu. Pabichi hapavumilii hata kukiwa na joto.

Halafu kuna kipimo cha mkono, ambacho hata mtoto wa shule anaweza kukifanya. Chukua konzi ya matandiko, kamua kwa nguvu, fungua mkono. Yakishikana kidogo kisha yakaachana ukiyadondosha, ni sawa. Yakibaki donge, ni mabichi, ongeza makavu na ugeuze leo, si kesho. Yasiposhikana kabisa na vumbi likaruka, yamekauka mno. Punguza kugeuza, na ujifunge kitambaa puani.

Huku Huruma kuna jambo jingine. Ploti zetu ni ndogo na jirani yuko hapo tu nyuma ya mabati. Eldoret ilipewa hadhi ya jiji Agosti 2024, na watu wanazidi kusongamana. Banda kavu halina harufu. Banda bichi litawaletea ugomvi na jirani kabla hata hamjauza yai la kwanza.

YAKICHAKAA

Kundi la kuku likiuzwa, toeni matandiko yote. Osheni sakafu kwa maji na sabuni, iacheni ikauke na ikae tupu kama wiki mbili. Usiweke vifaranga wapya juu ya matandiko ya kuku waliougua.

Yale ya zamani msiyapeleke moja kwa moja kwenye mboga, yataunguza mizizi. Yarundikeni pahali palipofunikwa, yamwagieni maji kiasi, mgeuze kila wiki mbili. Lundo litapata moto wenyewe. Baada ya miezi miwili au mitatu litakuwa jeusi, halinuki, na hapo ni samadi ya kuuza. Kikundi kinachoweka hesabu kitaona kwamba pesa iliyonunua maranda inarudi sehemu kwa njia hiyo.

Kuna wanaolisha ng'ombe matandiko ya kuku wakati wa kiangazi. Nawasihi msifanye hivyo. Kuku mfu aliyesahaulika ndani yake anaweza kuleta sumu inayopooza ng'ombe, na mabaki ya dawa za kuku huingia humo pia. Hasara ya ng'ombe mmoja ni kubwa kuliko faida ya magunia kumi.

KAZI YA KAMATI

Sasa nirudi kwa kazi yangu, ambayo ni watu. Wengi mnakumbuka mpango wa Inua Mama na Kuku katika kaunti yetu, na jinsi vikundi vya akina mama vilivyopokea kuku. Kuku wakija kwa msaada au kwa mkopo, kazi ya kuwalaza ni ya kikundi chenyewe. Kwa hivyo nawaomba kila kikundi kifanye mambo matatu.

Kwanza, watu watatu, si mmoja, waende kuyaona matandiko kabla ya kununuliwa. Mmoja awe mweka hazina. Waingize mkono ndani ya lundo na waulize lile swali la dawa.

Pili, katibu aandike kwenye daftari: tarehe, yametoka kwa nani, ni ya mbao gani, magunia mangapi, bei, na wote watatu watie sahihi. Likitokea tatizo, kikundi kitafungua daftari badala ya kufungua midomo.

Tatu, kuwe na zamu ya kila siku, na aliye zamu aandike matokeo ya kipimo cha mkono: sawa, bichi, au kavu mno. Neno moja tu linatosha. Kuku wakianza kufa, msimwite mtu mwizi wala mchawi. Mwiteni daktari wa mifugo, mkamwonyeshe daftari.

Msinielewe vibaya. Sisemi kitu cha bure kikataliwe. Fundi jirani anayewapa maranda makavu, safi, yasiyo na dawa, amewapa zawadi, mpelekeeni mayai. Ninalosema ni kwamba cha bure nacho kiulizwe maswali yale yale manne.



MASWALI YA KUJADILI KATIKA KIKUNDI

1. Matandiko tuliyo nayo sasa yalitoka wapi? Kuna anayejua kwa hakika kama mbao ilitiwa dawa?
2. Tufanye kipimo cha mkono leo, sehemu tatu za banda: katikati, karibu na maji, na kwenye kona. Tumepata nini?
3. Banda letu ni mita ngapi za mraba, na tunahitaji magunia mangapi? Pesa hiyo iko kwenye bajeti?
4. Ni nani watatu tunaowachagua kwenda kuyaona matandiko ya mara ijayo?
5. Kuku wetu walipokufa mara ya mwisho, tulimlaumu nani, na tulikuwa na ushahidi gani?